Raia wa tajinisi anayetaka ubunge wa jimbo Minnesota: je, amsubiri mzee aliyeko kitini?

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nina miaka 41, na nimeishi Minnesota miaka 15 katika mji mdogo wa viungani mwa Minneapolis. Nilikula kiapo cha uraia mwaka 2019. Nafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Wenzangu kanisani wananihimiza nigombee kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo. Anayekishikilia ni mzee wa chama changu, amekikalia karibu miaka 20, na kuna tetesi kwamba atastaafu, ingawa mwenyewe hajatamka. Wengine wananiambia kumpinga ni utovu wa adabu, nisubiri zamu yangu. Wengine wanasema asiyezaliwa hapa haruhusiwi kabisa. Kuna aliyenieleza kwamba hata Obama alipata kiti chake cha kwanza kwa kuwaengua wenzake kwa pingamizi za saini. Ndugu zangu nyumbani wameahidi kunichangia. Mume wangu ana hofu tangu yale mauaji ya Juni 2025. Nianzie wapi, au niache?”

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na naona umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama sheria inakuruhusu, kama heshima inakuruhusu, na kama jambo lenyewe lina thamani ya usingizi utakaokosa. Nitayajibu kwa mpangilio huo kadiri niwezavyo, na nitaegemea chaguzi mbili ambazo zimenifundisha zaidi kuhusu viti vya aina hii, yaani ule wa Chicago mwaka 1996 na ule wa Minneapolis mwaka 2016.

Kabla ya hapo tusafishe neno moja, kwa sababu nimeona likiwapoteza watu wetu wengi. Tanzania tunaposema “mbunge wa jimbo” tuna maana ya mbunge wa taifa aliyechaguliwa na eneo lake, kama Nyamagana au Ilemela. Marekani jimbo ni Minnesota yote, lenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake mwenyewe lililoko Saint Paul, na eneo analowakilisha mjumbe mmoja huitwa wilaya ya uchaguzi. Bunge hilo lina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Seneti yenye wajumbe 67. Kwa hiyo kiti unachokitazama si diwani, na wala si mbunge wa Washington. Ni mtu anayepiga kura juu ya bajeti ya shule, viwango vya malipo kwa nyumba za wazee kama unayofanyia kazi, leseni za wauguzi, sheria za pango na barabara. Mambo mengi yanayougusa mkono wako kila siku huamuliwa pale, wala si Ikulu ya Marekani.

Sasa tuje kwenye ruhusa. Aliyekuambia kwamba asiyezaliwa Marekani haruhusiwi amechanganya viti. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa liko kwa rais na makamu wake tu. Kwa Baraza la Wawakilishi la taifa ni uraia wa miaka 7, kwa Seneti ya taifa ni miaka 9, na Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, alikuwa gavana wa California kuanzia 2003 hadi 2011. Katiba ya Minnesota inakutaka uwe mpiga kura halali mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, uwe umeishi ndani ya jimbo mwaka mmoja, na uwe umeishi ndani ya wilaya yenyewe ya uchaguzi miezi sita kabla ya siku ya kura. Raia wa tajinisi na raia wa kuzaliwa hapo wako sawa. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kuiwakilisha wilaya ya 38A huko Brooklyn Park, baada ya kushindwa katika mchujo wa Seneti mwaka 2022.

Hiyo miezi sita, hata hivyo, nakuomba uishike kama unavyoshika dawa za mgonjwa. Mwaka 2024 mgombea mmoja wa chama cha DFL, yaani chama cha Democratic kama kinavyoitwa Minnesota, Curtis Johnson, alishinda kiti cha 40B kwa tofauti kubwa. Alikuwa amepanga nyumba ndogo ndani ya wilaya, lakini familia yake ilikuwa na nyumba nje ya mpaka, na upande wa pili ukapeleka mahakamani ushahidi kwamba haishi kweli katika ile ya kupanga. Desemba mwaka huohuo jaji aliamua kwamba hakutimiza sharti la makazi. Kiti alichokwisha kukishinda akakipoteza kabla ya kuapishwa, na kwa kuwa uchaguzi ule ulikuwa umekipa kila chama wajumbe 67, anwani ya mtu mmoja ilivuruga uwiano wa bunge zima hadi uchaguzi wa marudio uliofanyika Machi 2025. Kwa hiyo usihesabu mahali ulipoandikisha barua zako, hesabu mahali unapolala. Na kwa kuwa ramani ya wilaya ilichorwa upya na mahakama mwaka 2022, hakiki mtaa wako kwenye ramani ya sasa, maana wapo wanaodhani wanawakilishwa na mtu fulani kumbe mpaka umehamia ng’ambo ya barabara yao.

Ugumu wa kiti hiki ni mwingine kabisa, nao ni huu: katika wilaya nyingi za mijini uchaguzi wenyewe huamuliwa Agosti, katika kura ya mchujo ya chama, na Novemba inakuja kukamilisha tu. Usiufananishe mchujo huo na kura za maoni za kwetu, ambako anayeongoza anaweza kukatwa na vikao vya juu vya chama. Mchujo wa Marekani huendeshwa na serikali, kwa vituo na masanduku rasmi, na aliyepata kura nyingi ndiye anayebeba bendera ya chama apende asipende mwenyekiti. Wilaya moja ya Baraza la Wawakilishi Minnesota ina wakazi karibu 43,000, lakini wanaojitokeza Agosti ni sehemu ndogo mno yao. Ilhan Omar alipokishinda kiti cha 60B cha Minneapolis mwaka 2016, katika mchujo alipata kura karibu 2,400. Kanisa lako, majirani wa jengo lako na wazazi wa darasa la mtoto wako wanaweza kuwa theluthi ya hesabu hiyo, ikiwa ni raia, wameandikishwa, na watakumbuka kwamba kuna uchaguzi katikati ya likizo.

Hapo ndipo tuje kwa Obama, kwa sababu ulichoambiwa ni kweli, lakini kimekatwa mkia. Mwaka 1995 kiti cha wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois, kule Hyde Park, South Shore na mitaa ya jirani kusini mwa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Palmer aliamua kugombea nafasi iliyokuwa wazi katika Bunge la taifa, na Septemba mwaka huo alisimama mwenyewe hadharani kumtambulisha Obama, wakili na mhadhiri kijana, kama mtu anayemtaka arithi kiti chake. Novemba 28 Palmer akaangushwa na Jesse Jackson Mdogo. Wafuasi wake wakamtaka arudi kutetea kiti cha zamani, na wazee wa mtaa wakamwomba Obama ampishe. Akakataa. Palmer akalazimika kukusanya saini za wadhamini kwa siku chache tu, akarejesha fomu dakika za mwisho, mwezi Desemba, akiwa na saini zipatazo 1,580, wakati sheria ilidai 757.

Angalia kilichofuata kwa karibu, kwa sababu hakuna hotuba hata moja ndani yake. Mapema Januari 1996 watu wa Obama waliingia katika ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago wakaketi na karatasi zile mezani, upande mmoja saini, upande wa pili daftari la wapiga kura, wakipitisha kidole mstari kwa mstari. Huyu hajaandikishwa. Huyu ameandikishwa, lakini anwani yake iko nje ya wilaya. Huyu ameandika jina lake kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Daftari la mji lilikuwa limetoka kusafishwa, majina maelfu yakiwa yamefutwa, hivyo hata waliotia saini kwa nia njema walijikuta hawahesabiki. Palmer alibakiwa na upungufu wa saini zipatazo 200, akajiondoa. Wagombea wengine watatu nao wakaanguka kwa pingamizi zilezile. Machi Obama alipita mchujo bila kupingwa, Novemba akapata asilimia 82, na Januari 1997 akaapishwa kule Springfield, makao makuu ya Illinois.

Umeniuliza kwa chinichini kama hilo lilikuwa haki. Lilikuwa halali bila shaka, na mimi siwezi kumlaumu mtu anayedai kanuni ifuatwe kama ilivyoandikwa. Lakini nina maoni yangu juu ya gharama yake. Mtu aliyepita bila kupingwa hajabisha hodi kwa watu wasiomtaka, hajakaa jukwaani na anayemzidi umri, wala hajajua ni mtaa gani haumwamini. Miaka minne baadaye, mwaka 2000, Obama alimpinga Bobby Rush, mbunge wa taifa mwenye mizizi mirefu upande huohuo wa kusini mwa Chicago, na akashindwa kwa asilimia 30 dhidi ya 61. Desemba iliyotangulia alikuwa Hawaii na familia, mtoto akaugua, akakosa kurudi Springfield kupiga kura juu ya muswada wa silaha uliokuwa ukizungumzwa na kila mtu, na wapinzani wakalitumia hilo kila walipokwenda. Ninavyoona, somo ambalo alipaswa kulipata katika mchujo wa 1996 alilipata hapo, kwa bei ya juu zaidi. Kwa upande wako hofu ya saini ni ndogo: Minnesota mgombea wa chama kikubwa hulipa ada ya dola 100 kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi anapochukua fomu, na saini huhitajika tu ukitaka kuepuka ada hiyo. Lipa ada. Hizo saini 500 mbadala zisikupotezee muda ambao ungeutumia milangoni.

Sasa heshima. Nimekulia katika desturi ileile uliyokulia wewe, ya kutomvua mzee kofia hadharani, na sitaki uidharau. Ila nadhani umeuliza swali lake kutoka upande usio wenyewe. Swali si miaka mingapi amekaa, ni kama wilaya bado ni ileile iliyomweka. Phyllis Kahn alichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na akakaa miaka 44 katika kiti cha Minneapolis kinachozunguka Chuo Kikuu cha Minnesota. Hakuwa mvivu wala mbaya. Lakini ndani ya miaka hiyo majengo marefu ya Cedar-Riverside yalijaa familia za Kisomali, wakapata uraia, wakajiandikisha. Mwaka 2014 Mohamud Noor alimjaribu, akashindwa. Mwaka 2016 walisimama watatu: Kahn, Noor na Ilhan Omar. Mkutano mkuu wa chama wa wilaya ulishindwa kumwidhinisha yeyote, wakaenda kwenye mchujo wa Agosti 9, na Omar akashinda kwa asilimia 41 hivi, wale wawili wakigawana kilichobaki karibu sawa kwa sawa. Wengi husimulia habari hiyo na kuishia kwa Omar. Mimi humtazama Noor. Alishindwa mara mbili kwa kiti kilekile, hakuhama mtaa, hakununa, na mwaka 2018 Omar alipokwenda kugombea Bunge la taifa, watu waliokwisha kulijua jina lake wakampa kiti.

Kwa hiyo una njia tatu, na hakuna iliyo na aibu. Unaweza kumngoja astaafu, ukawa tayari siku hiyo. Ni njia ya adabu, ila kiti kikiwa wazi watajitokeza watia nia watano, na huenda mmoja wao ni msaidizi wake mwenyewe. Unaweza kumpinga sasa, ukijua kwamba aliyeko kitini anajulikana, ana orodha ya wafuasi na vyama vya wafanyakazi vinavyomwamini, na kwamba mara nyingi hushinda. Njia hii nitaiunga mkono tu ikiwa unaweza kutaja kwa sentensi moja jambo ambalo wilaya inalihitaji na yeye halifanyi. Kama huna sentensi hiyo, unachogombania ni nafasi tu, na wapiga kura hulihisi hilo mlangoni kabla hujamaliza salamu. Njia ya tatu ni kuanza na bodi ya shule au baraza la mji, ambako chaguzi si za vyama na kura zinazotosha ni chache. Kwa mtu wa zamu za usiku asiye na jina bado, mimi ningekushauri hiyo ya tatu uifikirie kwa uzito, ingawa najua si jibu walilolitaka wenzako wa kanisani.

Chochote utakachochagua, hatua ya kwanza inafanana, nayo haihitaji hata kutangaza nia. Mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi vyama vya Minnesota hufanya mikutano ya ngazi ya chini kabisa, kokasi, katika madarasa ya shule na kumbi za mitaa. Nenda. Utakuta watu kumi na tano kwenye viti vya wanafunzi, mmoja akiwa na bahasha ya fomu, na mara nyingi nafasi za wajumbe ni nyingi kuliko watu waliomo, kiasi kwamba anayeinua mkono anapewa. Wajumbe hao ndio wanaokwenda kwenye mkutano wa wilaya kumwidhinisha mgombea, na katika chama cha DFL anayehitaji kuidhinishwa lazima apate asilimia 60 ya kura zao. Kuidhinishwa hakukupi kiti, lakini kunakupa orodha ya wapiga kura, jina kwenye mfano wa karatasi ya kura unaosambazwa na chama, na watu wa kubisha hodi. Utaulizwa kama utaheshimu uamuzi wa mkutano na kujiondoa ukikosa. Jibu ukweli, kwa sababu wakazi wa miji midogo wana kumbukumbu ndefu juu ya neno lililovunjwa. Na usiende peke yako. Ukifika na watu kumi waliojiandikisha, wenye uraia, wanaojua wanachokifanya, tayari umekuwa mtu wa kuhesabiwa katika wilaya yako.

Kuhusu michango ya ndugu, hapa nitakuwa mkali. Fedha kutoka Mwanza haziruhusiwi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani kuchangia uchaguzi wowote nchini humo, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mji, na kumtumia mjomba aliyeko Texas kama njia ya kupitishia hakubadilishi kitu, kunaongeza kosa la pili. Waambie nyumbani asante, na fedha hizo waziweke kwenye ada za watoto. Fedha za sadaka nazo zisiguse kampeni. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia, na Minnesota ina utaratibu mzuri ambao watu wetu hawaujui: mchangiaji anayestahili akimchangia mgombea wa jimbo aliyetia saini makubaliano ya kuweka ukomo wa matumizi, anaweza kuomba kurudishiwa hadi dola 75 kwa mwaka na idara ya kodi ya jimbo, au 150 kwa mume na mke. Kwa jumuiya ya watu wenye mishahara midogo hiyo ni nguvu kubwa, mradi risiti zitunzwe. Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 750 lazima usajili kamati yako kwenye bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni. Mtafute mtunza hazina anayependa kuhesabu, asiyekuogopa wewe, na umruhusu akukatalie.

Wapo pia wale wasio na uraia, ambao najua ni wengi miongoni mwa wanaokutia moyo. Wanaweza kujitolea bila malipo: kukunja vipeperushi, kupika, kupiga simu, kubisha hodi pamoja nawe. Wasichoweza ni kupiga kura wala kujiandikisha, na hapa tahadhari ni ya dhati, kwa sababu mtu mwenye ukaazi wa kudumu aliyejaza fomu ya kujiandikisha kwa kutojua anaweza kupoteza nafasi ya uraia, na hata kufukuzwa nchini. Siku ya kuandikisha wapiga kura kanisani kwenu, weka mtu mezani mwenye kazi moja tu ya kuuliza, kwa Kiswahili na kwa upole, “Umeshakula kiapo?” kabla kalamu haijaguswa.

Kazi yako. Bunge la Minnesota hukutana kuanzia Januari au Februari hadi Mei, na mjumbe hulipwa mshahara ambao mtu anaweza kuishi nao kwa kujibana, tofauti na New Hampshire ambako wajumbe hulipwa dola 100 kwa mwaka. Miezi ya kampeni hailipwi kabisa. Kubisha hodi hufanywa saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na Jumamosi, saa ambazo wewe unajiandaa kwa zamu. Hesabu za wanaofanya kazi hii kwa uzito ni milango 40 hadi 60 kwa jioni moja, robo tatu haifunguliwi, na kila jina kwenye karatasi unaliwekea alama kabla hujashuka ngazi, la sivyo ukifika gari hukumbuki nani alisema nini. Kama mwajiri wako ni serikali ya shirikisho, kwa mfano hospitali ya maveterani, simama kwanza: sheria ya Hatch ya mwaka 1939 inawazuia watumishi hao kugombea chaguzi za vyama. Kama ni mwajiri binafsi, zungumza naye juu ya zamu kabla ya kutangaza, na mpate maandishi.

Usitarajie pia kwamba ukishaapishwa mambo yataenda. Obama alikaa miaka sita katika upande wa wachache kule Springfield, na miswada yake mingi ilifia kwenye kamati. Mwaka 2001 vyama viliposhindwa kukubaliana juu ya ramani ya wilaya za uchaguzi, bahati nasibu ya kikatiba ya kuamua nani aichore ikaangukia chama chake, ramani ikachorwa upya, na Januari 2003 chama hicho kikawa na wengi. Ndipo akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na mwaka huohuo akapitisha sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji, baada ya kuketi na polisi na waendesha mashtaka walioipinga mwanzoni. Alikuwa mtu yuleyule miaka yote ile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na wengi bungeni. Waeleze hilo wapiga kura wako mapema, ili usiahidi kituo cha afya ambacho mjumbe mmoja hana uwezo wa kukijenga.

Nimeiacha hofu ya mume wako hadi hapa kwa sababu sikutaka kuipitia haraka. Juni 14, 2025, Melissa Hortman, aliyekuwa Spika wa Baraza lile unalotaka kuingia, aliuawa pamoja na mumewe nyumbani kwao Brooklyn Park na mtu aliyejifanya polisi. Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin usiku huohuo, wakapona. Siwezi kukuambia kwamba hilo haliwezi kutokea tena, na mtu atakayekuambia hivyo asikushauri jambo lingine lolote. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mume wako ana haki ya kusema hapana, na hapana yake ina uzito sawa na ndiyo yako, kwa sababu anwani itakayokuwa kwenye karatasi ni ya wote wawili na watoto. Kaeni usiku mmoja ambao huna zamu. Kubalianeni mapema juu ya nani anafungua mlango, kama watoto wataonekana kwenye picha, na ni jambo gani likitokea mtaacha bila kujadiliana upya. Ukichukua fomu, uliza kabla ya kuijaza ni kwa masharti gani anwani ya makazi inaweza kufichwa isionekane na umma.

Kuna mambo ambayo jibu hili haliwezi kukutosheleza. Kama umehama ndani ya miaka miwili iliyopita, au wewe na mume mna nyumba mbili, peleka mkataba wa pango, bili za umeme na leseni ya udereva kwa wakili wa masuala ya uchaguzi, ana kwa ana, kabla ya kulipa zile dola 100. Kama kuna chochote katika faili lako la uraia ambacho hakikuandikwa sawasawa, hata tarehe ya kuzaliwa, muone wakili wa uhamiaji kwanza, kwa sababu mpinzani hodari atalisoma faili hilo. Maswali ya fedha yapeleke moja kwa moja kwa maofisa wa ile bodi ya fedha za kampeni, ambao kazi yao ni kuyajibu bila malipo. Usimlipe mshauri akuuzie jibu lao. Na ukianza kukosa usingizi hata siku usizo na zamu, mwone daktari wako, maana wazee unaowahudumia wanakutegemea uwe macho.

Halafu nenda kwa yule mzee. Usimtumie ujumbe wala mtu wa kati. Omba miadi, mpe shikamoo kwa lugha yoyote anayoielewa, na umuulize wazi kama atagombea tena. Akisema anastaafu, mshukuru, na umwombe kwa heshima atangaze hadharani kabla ya kokasi, kwa sababu Palmer naye alimwambia Obama achukue kiti, na miezi miwili na nusu baadaye akakitaka. Akisema bado anafikiri, mwambie ukweli kwamba na wewe unafikiri. Vyovyote atakavyojibu, wiki hiyohiyo anza kuandika majina ya watu wako kumi wa kokasi, kila mmoja na anwani yake, na mbele ya kila jina andika kama amejiandikisha kupiga kura.